Kuchuja, Kuchemsha au Kutia Dawa: Mizani ya Maji ya Kisima Fizi na Baraka

Kila kipindupindu kinaporudi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, familia za Baraka na za vijiji vya Fizi hupewa mashauri yasiyopatana. Mhamasishaji wa afya anapita na kipaza sauti akihimiza kila bidoni itiwe dawa. Jirani anasema maji ya pampu yanatoka chini kabisa ardhini, hayana haja ya kuguswa. Dukani muuzaji anaapa kwamba filta yake ya plastiki inamaliza kila kidudu. Wazee wanaamini moto peke yake. Wengine wanauliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini mwananchi ahangaike na vidonge na makala wakati kazi ya kuleta maji safi ni ya serikali.

Mkanganyiko huu una gharama. Asiyejua amwamini nani huishia kufanya nusunusu: leo anachuja, kesho anachemsha, keshokutwa anakunywa maji yalivyo. Siku hiyo moja ya kuyanywa yalivyo inatosha kumlaza mtoto hospitalini.

Uchambuzi huu unapitia misimamo hiyo mitano mmoja baada ya mwingine, unapima nguvu na udhaifu wake, kisha unaiweka kwenye mizani ya mazingira ya Fizi. Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji aupime njiani: kuchuja ni kazi muhimu ila haimalizi safari; maji yanayomlinda mtu ni yale yanayobeba kinga yake mpaka kinywani; na hakuna jitihada ya nyumbani inayofuta deni la mamlaka kwa raia.

## Usuli: maji yanatoka wapi, na yanachafukia wapi

Baraka imekaa kwenye ukanda wa tambarare kati ya ziwa na milima, kwenye Ghuba ya Burton inayokingwa na rasi ya Ubwari. Wilaya ya Fizi ina sekta nne, Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, na vyanzo vya maji hubadilika kadiri mtu anavyoliacha ziwa na kupanda. Mwambaoni watu wanachota ziwani, mitoni, kwenye visima vilivyochimbwa kwa mkono na kwenye pampu. Vilimani wanategemea chemchemi, na pale palipojengwa, mabomba yanayoteremsha maji yenyewe kutoka mlimani.

Juu ya hayo limekuja wimbi la watu. Tangu 2015 kambi ya Lusenda imepokea wakimbizi kutoka Burundi, na mapigano ya miaka mingi katika nyanda za juu na ndani ya sekta zenyewe yamewateremsha wakimbizi wa ndani hadi mwambaoni. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka pampu moja ya mkono isihudumie zaidi ya watu 500, kisima cha wazi kisizidi watu 400, na kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Foleni inaporefuka kupita kiasi, mwenye haraka hainui tena macho kutazama pampu. Anakwenda ziwani, kwa kuwa ziwa halina foleni.

Kipindupindu si mgeni hapa. Mlipuko wa saba wa dunia ulifika Afrika mwaka 1970, na kabla ya muongo huo kwisha ulikuwa umeingia mashariki ya Kongo. Tangu hapo Uvira, Fizi na Kalemie zimekuwa miongoni mwa maeneo ambayo ugonjwa huu haukauki. Unapungua, unajificha, kisha unarudi. Mwaka 2017 nchi nzima ilihesabu wagonjwa zaidi ya 55,000 na vifo zaidi ya 1,100.

Ili kuelewa mjadala wa kuchuja, ni lazima kutenganisha uchafuzi wa aina mbili. Wa kwanza hutokea kwenye chanzo. Katika tambarare ya mwambao maji ya ardhini hayako mbali, na choo cha shimo kinaweza kuyagusa. Ziwa lenyewe lilipanda kupita kawaida mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, likafunika nyumba na vyoo vya ufukweni; ziwa likipanda, maji ya ardhini ya karibu nalo hupanda pia. Wa pili hutokea baada ya kuchota: bidoni yenye utando wa kijani ndani, ndoo isiyo na kifuniko, kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole. Misimamo mingi inayogombana inatibu uchafuzi mmoja na kuusahau wa pili.

## Msimamo wa kwanza: kisima ni safi, kisiguswe

Wanaosema hivi wana msingi. Udongo ni mchujaji wa asili. Maji ya mvua yanapopenya taratibu kwenye mchanga na udongo, sehemu kubwa ya vijidudu hunaswa au hufa njiani. Kisima kirefu kilichotobolewa kwa mashine, kikazibwa vizuri juu, kikawekewa sakafu ya saruji, mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika na pampu ya mkono, ni chanzo bora kuliko mto au ziwa. Mtu akiwa na kisima cha namna hiyo, anacho kitu cha thamani.

Tatizo ni kwamba neno hilohilo, kisima, linabeba vitu visivyofanana. Shimo la mita chache lililochimbwa kwa jembe, lenye mdomo wazi na kamba inayoburutwa kwenye matope kabla ya kurudishwa ndani, nalo linaitwa kisima. Kanuni ya kawaida inataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo lake iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji hayo. Katika mtaa uliobanana, wenye viwanja vidogo na maji yaliyo karibu, sharti la kwanza ni gumu na la pili mara nyingi haliwezekani bila kuinua choo juu ya ardhi.

Ladha nzuri haithibitishi kitu. Mwaka 1854, huko London, daktari John Snow alionyesha kwamba vifo vingi vya kipindupindu katika mtaa wa Soho vilitokana na pampu moja ya Broad Street. Maji ya pampu ile yalipendwa kwa ladha yake, hata mjane mmoja aliyekwisha kuhama mtaa alikuwa akiletewa maji hayo kwake. Baadaye ilibainika kuwa shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja kuelekea kisimani. Aliyekunywa hakuona kitu, hakunusa kitu.

Udhaifu wa pili uko baada ya kisima. Huko magharibi mwa Kenya watafiti wakiongozwa na Michael Kremer walipima faida ya kuzijengea kinga chemchemi za vijijini. Katika utafiti uliochapishwa 2011 walikuta vijidudu vya kinyesi kwenye chemchemi vimepungua kwa takriban theluthi mbili, lakini ndani ya nyumba vimepungua kwa karibu robo tu. Chanzo kilipona, njia ya kutoka chanzoni hadi kikombeni haikupona vya kutosha.

Tuseme basi: msimamo huu ni sahihi kuhusu thamani ya chanzo kilichojengwa vizuri, na unakosea unapofanya chanzo kuwa mwisho wa habari.

## Msimamo wa pili: kuchuja kunatosha

Historia ya kuchuja ina ushahidi mzito. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga huko Chelsea, London, chujio kubwa la mchanga lililopitisha maji ya mto Thames polepole. Mwaka 1892 kipindupindu kiliipiga Hamburg, Ujerumani, mji uliokuwa ukisambaza maji ya mto Elbe bila kuyachuja, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji jirani wa Altona, uliokunywa maji ya mto huohuo yakiwa yamechafuka zaidi, uliokoka kwa sehemu kubwa kwa sababu ulikuwa na machujio ya mchanga. Mpaka wa miji ile miwili ukawa karibu mpaka wa ugonjwa.

Lakini kuchuja si kitu kimoja. Jambo la kuuliza daima ni tundu lina ukubwa gani na kinachozuiwa kina ukubwa gani. Bakteria wa kipindupindu wana urefu wa takriban mikroni moja hadi tatu, mikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Virusi vya kuharisha ni vidogo kuliko hapo mara kumi na zaidi. Vijidudu vya Giardia na Cryptosporidium ni vikubwa zaidi ya bakteria.

Kitambaa ndicho chujio la kila nyumba. Nchini Bangladesh, katika utafiti wa Rita Colwell na wenzake uliochapishwa 2003, wanawake waliofundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Kitambaa hakikumzuia bakteria anayeelea peke yake. Kilizuia viumbe wadogo wa majini ambao bakteria hao hujishikiza kwao. Kitenge kilichofuliwa mara nyingi kinaweza kufanya kazi ya namna hiyo kwa maji ya ziwa na ya mto. Kwa maji ya kisima yaliyoingiwa na choo, bakteria wanaelea huru, na kitambaa kinaondoa tope tu.

Chujio la mchanga la nyumbani, lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, katika miaka ya 1990, linakwenda mbali zaidi. Ni sanduku la zege au plastiki lenye tabaka za kokoto na mchanga uliooshwa, na maji yanayobaki daima takriban sentimita tano juu ya mchanga. Hapo juu hujengeka utando hai unaowala vijidudu. Utando huo huchukua wiki mbili hadi nne kukomaa, na hudhoofika chujio likiachwa kavu. Uzuri wake ni kwamba mchanga, saruji na fundi hupatikana papa hapa. Hakuna kipuri cha kuagiza. Ubaya wake ni uzito: familia inayokimbia risasi usiku haiwezi kulibeba.

Vyungu vya kuchujia vya udongo, vyenye madini ya fedha, na filta za nyuzi zenye matundu ya mikroni 0.1 huzuia bakteria vizuri sana. Chungu hutoa lita moja hadi tatu kwa saa na hupasuka kikianguka. Filta ya nyuzi inahitaji kusukumiwa maji nyuma kila mara, na ikiziba kabisa imekwisha. Nyingi ya filta hizi hazizuii virusi vyote.

Udhaifu mmoja unaziunganisha zote: maji yakishatoka kwenye filta hayana kinga. Yakiingia kwenye ndoo chafu yanachafuka upya, na uangavu wake unamfanya mtu asishuku. Hapo ndipo hatari ya filta ilipo: inaweza kuondoa woga kabla haijaondoa hatari yenyewe.

## Msimamo wa tatu: moto ndio dawa

Kuchemsha kunaua bakteria, virusi na vijidudu vikubwa vyote vya kuharisha. Maji yakichemka kwa kububujika dakika moja yanatosha. Kwenye nyanda za juu, kama Minembwe, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, na huko ushauri unaotumika sana ni dakika tatu. Haijalishi kama maji ni ya tope au maangavu, ya chumvi au matamu: moto unafanya kazi. Hauhitaji kipimo, wala mafunzo, wala kidonge kutoka Uvira au Kigoma.

Gharama yake ndiyo inayouma. Kuinua joto la lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka, kwenye mbabula ya kawaida inayotumia vizuri takriban moja ya tano ya joto la makala, kunakula karibu kilo moja ya makala. Familia inayohitaji bidoni moja ya maji ya kunywa kwa siku itateketeza kilo thelathini kwa mwezi, mbali na makala ya kupikia. Fedha hiyo inatoka kwenye unga na mafuta ya mawese. Msitu nao unalipa: makala na kuni za mwambao zinatoka kwenye miti ya milima hiyohiyo ambayo chemchemi na mito ya Fizi inaitegemea. Tukikata miti ili tuyatakase maji, tunaongeza tope ndani ya maji tunayotaka kuyatakasa.

Kuna pia moshi ndani ya nyumba, watoto wanaoungua, na saa za mama zinazopotea mbele ya sufuria. Na kama filta, moto hauachi kinga. Maji yaliyochemshwa yakapoa kwenye sufuria wazi usiku kucha hayana tofauti kubwa na yale yaliyochujwa na kuachwa wazi.

Kwa hiyo kuchemsha ni njia ya uhakika kwa kiasi kidogo: maji ya mtoto mchanga, ya mgonjwa, ya anayeishi na kinga dhaifu. Kama sera ya mji mzima, ni njia ambayo maskini hataimudu.

## Msimamo wa nne: kila bidoni itiwe dawa

Dawa ya maji, yaani klorini, ndiyo njia pekee ya nyumbani inayobaki kazini baada ya kazi. Ikishaua vijidudu vilivyokuwemo, sehemu yake inabaki ndani ya maji ikisubiri vitakavyoingia. Lengo la kawaida ni kubakiza miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale maji yanapofika kwa mtumiaji. Ni nyepesi kubeba na ni rahisi kwa bei.

Tuitazame kwa karibu. Kidonge cha miligramu 67 kimekusudiwa bidoni ya lita 20 ya maji maangavu. Kinatoa takriban miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Kwenye vituo vya kutilia dawa kando ya ziwa na visima, mhudumu hutumia mchanganyiko wa asilimia moja: anavuta mililita nne kwa sindano isiyo na ncha, anaziweka kwenye bidoni, mwenye bidoni anafunga na kuitikisa, kisha anasubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yakiwa na ukungu kiasi, kipimo kinaongezwa mara mbili. Baada ya nusu saa, kijichupa cha kupimia, kilekile kinachotumika kwenye mabwawa ya kuogelea, kinatiwa kidonge cha kupimia na maji yanageuka waridi. Waridi iliyokolea kiasi inamaanisha kinga ipo. Yakibaki bila rangi, dawa imekwisha na bidoni haijalindwa.

Udhaifu wake uko katika kemia, na ni mkubwa kuliko vipeperushi vinavyoonyesha. Kwanza, tope huila dawa. Maji ya mto wakati wa masika yakitiwa kidonge bila kutuama na kuchujwa yanaweza kumaliza klorini yote kabla haijaua chochote. Pili, chuma hufanya hivyohivyo. Maji ya pampu yanayotoka maangavu kisha yakageuka rangi ya kutu baada ya saa chache yana chuma. Yanahitaji kupigwa hewa, kuachwa yatuame, na kuchujwa kwa mchanga kabla ya dawa. Tatu, klorini hufanya kazi vizuri pale pH ya maji ilipo chini ya 8. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na hapo sehemu yenye nguvu ya klorini hubaki asilimia chache tu. Haina maana kwamba dawa haifai ziwani. Ina maana kwamba inahitaji muda mrefu zaidi na upimaji makini zaidi kuliko kwa maji ya kisima. Nne, Cryptosporidium haiogopi klorini ya kiwango cha kunywa.

Kisha kuna ladha na uvumi. Wapo wanaoamini kwamba dawa inaharibu uzazi au inaleta ugonjwa uleule. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 5 kwa lita katika maji ya kunywa maisha yote, kiwango kilicho juu sana kuliko kinachobaki kwenye bidoni iliyotiwa dawa sawasawa. Lakini uvumi haumezwi na takwimu peke yake. Mahali ambapo wageni wameingia na kutoka kwa miaka mingi, na ahadi nyingi zimeanguka, mtu ana sababu ya kuuliza wanatia nini kwenye maji yake. Jibu lenye heshima ni kumwonyesha: anayetia awe mtu wa mtaa, anywe mbele yao, kipimo kifanyike mbele ya macho yao.

Ushahidi wa jumla unasemaje? Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2015 yalikadiria kwamba kutia klorini nyumbani hupunguza kuharisha kwa takriban robo, na kuchuja kwa filta nzuri kwa takriban nusu. Msomaji asikimbilie kusema filta imeshinda. Tafiti hizo zinahesabu kuharisha kwa kila aina, nyingi zilitegemea majibu ya watu wenyewe waliojua wamepewa nini, na filta iliyomo ni ile inayofanya kazi na inayotumika. Zinachodokeza ni kwamba njia inayotumika kila siku inaishinda iliyo bora kwenye karatasi.

## Msimamo wa tano: tuleteeni robine

Msimamo huu wengi wanaupuuza wakiuita siasa. Kwa kweli ndio wenye ushahidi wa karibu zaidi na nyumbani. Huko Uvira, takriban kilomita mia moja kaskazini ya Baraka, watafiti walilinganisha siku baada ya siku uzalishaji wa maji wa Regideso, shirika la maji la serikali, na idadi ya wagonjwa waliolazwa kwa dalili za kipindupindu kati ya 2009 na 2014. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba siku mtambo ulipokosa kutoa maji, wagonjwa waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku kumi na mbili zilizofuata, ukilinganisha na siku ambazo maji yalitosha. Karibu robo ya wagonjwa wote walihesabiwa kuwa matokeo ya upungufu wa maji ya bomba.

Kilichobadilika siku hizo si ujuzi wa mama wa Uvira kuhusu usafi. Kilichobadilika ni robine kukauka. Zaidi ya hayo, wingi wa maji ni kinga kwa namna yake: familia yenye lita za kutosha inanawa mikono, inaosha bidoni, inafua nguo za mgonjwa. Filta na kidonge haviongezi lita hata moja.

Udhaifu wa msimamo huu ni wakati na usalama. Bomba linahitaji miaka, umeme au mteremko, mafundi, na mapato ya kulitunza. Mabomba ya mlimani yanapita katika maeneo yenye silaha na kwenye mabonde yanayofurika. Mei 2025 mafuriko ya usiku huko Kasaba, sekta ya Ngandja, yaliua makumi ya watu na kuonyesha ukali wa mito inayoteremka kwa ghafula. Anayekunywa leo hawezi kusubiri mradi wa kesho. Ila anayemwambia atumie vidonge bila kumjengea chochote anahamisha mzigo wa umma na kuuweka juu ya vichwa vya wanawake na wasichana, ambao tayari ndio wanaobeba bidoni.

## Kuiweka misimamo kwenye mizani

Vigezo vinne vinatosha kuhukumu: je, njia inaondoa vijidudu vilivyopo? Inalinda baada ya hapo? Familia ya kipato cha chini inaweza kuidumisha miezi yote? Na inaweza kuhama pamoja na watu wakilazimika kuhama?

Filta inashinda kwenye kigezo cha kwanza kwa sehemu kubwa, inashindwa cha pili, na cha tatu na cha nne vinategemea aina yake. Moto unashinda cha kwanza kabisa, unashindwa cha pili na cha tatu. Dawa, ukiacha Cryptosporidium, inapita vigezo vyote vinne pale maji yalipo maangavu, na inayumba yakiwa na tope. Hapo ndipo kuchuja na dawa vinapoacha kuwa washindani: kimoja kinakifanya kingine kifanye kazi.

Kwa pampu ya kisima kirefu iliyo mbali na vyoo, dawa kidogo na chombo kilichofungwa vinatosha. Kwa kisima kifupi cha mtaani, yafaa maji yatuame usiku, yamiminwe taratibu bila kuchota mashapo, yapitishwe kwenye kitambaa kisafi kilichokunjwa mara nne au kwenye chujio la mchanga, ndipo yatiwe dawa na kusubiriwa nusu saa. Kitambaa kitumike upande uleule kila siku, kifuliwe na kuanikwa juani. Kwa maji ya ziwa, hatua ni hizohizo, ila muda wa kusubiri urefushwe na kipimo kifanyike. Na pale makala yapo, maji ya watoto wachanga na wagonjwa yachemshwe. Kwa maji yenye kutu, hewa na mchanga vitangulie. Katika hali zote, maji ya kunywa yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au chenye kibomba, na kikombe kisizamishwe ndani.

Upande wa fedha, kuna uchaguzi ambao viongozi wa mtaa na mashirika hawapaswi kuukwepa. Filta ya bei inayopewa nyumba moja inalinda nyumba moja. Mhudumu mwenye sindano na kijichupa cha kupimia, akilipwa kwa uaminifu kwenye kisima chenye watu mia kadhaa, anawagusa wote, hata yule asiyejua kusoma maelezo ya kidonge. Wakati wa mlipuko, fedha ianzie hapo. Wakati wa utulivu, iende kwenye saruji ya kuzunguka visima, vyoo vilivyoinuliwa, mafundi wa pampu na mabomba ya mteremko. Machujio ya mchanga yafundishwe kwa mafundi wa papa hapa katika maeneo ambako watu wametulia. Kugawa vidonge mwaka baada ya mwaka bila kujenga kitu ni kuukubali ugonjwa uwe mkazi wa kudumu.

## Muhtasari

Wote waliomo kwenye mjadala huu wanashika ukweli kwa upande mmoja. Anayekisifu kisima yuko sahihi kwamba chanzo kizuri kinapunguza kazi, lakini kina cha kisima hakijulikani kwa jina lake, na bidoni inaweza kuharibu kilichotoka safi. Anayechuja yuko sahihi kwamba tope ni adui, lakini maji maangavu bado yanaweza kuua. Anayechemsha ana uhakika mkubwa kuliko wote kwa gharama ambayo wachache wanaimudu. Anayetia dawa ana kinga inayodumu, mradi maji yawe yamechujwa na kipimo kiwe sahihi. Anayedai robine anadai kile ambacho takwimu za Uvira zinaonyesha kuwa kinaokoa watu wengi kwa mara moja.

Kwa familia ya Baraka au ya Fizi leo, mpangilio wenye busara ni huu: tuamisha, chuja, tia dawa, subiri, funika. Kwa mamlaka na wanaowasaidia, mpangilio ni mwingine: lindeni vyanzo, pimeni maji hadharani, lipeni wahudumu, jengeni mabomba. Familia ikitimiza sehemu yake na mamlaka isitimize yake, kipindupindu kitarudi tena, na lawama isipelekwe kwa mama aliyekosa kidonge.